Kwa nini Uingereza ilivutana juu ya tume ya watoto walioachwa bila ulinzi

Oktoba 2006 msichana wa miaka 12 aliingia katika kituo cha polisi cha Oldham, mji ulio kaskazini mwa England pembeni mwa Manchester, akaeleza kaunta kwamba kuna mwanamume amemdhalilisha. Alikuwa amekunywa pombe. Akaambiwa arudi akiwa amelevuka na akiwa na mtu mzima. Hakufika mbali: wanaume walimchukua hapohapo kituoni, na kabla hajarudi kwao akawa amebakwa na wanaume kadhaa. Haya si uvumi wa mitaani. Yameandikwa katika ripoti ya mapitio iliyochapishwa Juni 2022, na polisi wa Greater Manchester wameomba radhi.

Julai 2024, karibu miaka kumi na minane baada ya siku ile, halmashauri ya Oldham iliiomba serikali kuu iunde tume ya kuchunguza jinsi vyombo vya mji huo vilivyoshindwa kuwalinda watoto. Oktoba ya mwaka huohuo Jess Phillips, waziri mwenye dhamana ya ulinzi wa walio hatarini, alijibu kwamba jambo hilo ni la halmashauri yenyewe kulianzisha. Barua hiyo ya kiofisi, ambayo katika wakati mwingine ingesomwa na watu wachache tu, ndiyo iliyozaa mvutano mkubwa kabisa wa kisiasa nchini Uingereza mwanzoni mwa 2025. Watu waliousikia kwa mbali walibaki na swali moja tu: je, serikali ya Labour ilikuwa inaficha kitu? Swali hilo linaeleweka, lakini limeyafunika maswali mengine manne au matano ambayo ndiyo kiini cha jambo, nami ninaamini kwamba mtu hawezi kutenda haki kwa watoto hawa bila kuyatenganisha.

Tuanzie mbali kidogo. Agosti 2014 Profesa Alexis Jay alitoa ripoti kuhusu mji wa Rotherham iliyoeleza kwamba, kwa makadirio ya chini, watoto wapatao 1,400 walinyonywa kingono kati ya 1997 na 2013. Njia ilikuwa ileile kila mara. Mwanamume, mara nyingi dereva wa teksi au mtu anayefanya kazi katika duka la vyakula vya usiku, humzoea msichana wa miaka 12, 13 au 14. Humpa sigara, pombe, simu, usafiri wa bure. Humfanya ajione ana mpenzi. Kisha humpitisha kwa marafiki zake. Anayekataa hutishwa. Jay alieleza kuhusu watoto waliomwagiwa petroli na kuambiwa watachomwa, na kuhusu akina baba wawili waliokwenda kuwatoa binti zao katika nyumba walizokuwa wakidhulumiwa, wakakamatwa wao.

Jambo ambalo mimi hulirudia kila ninapoisoma habari ya Rotherham ni kwamba vyombo vilikuwa vinajua. Ripoti tatu, za 2002, 2003 na 2006, zilikuwa zimeshawafikia wakubwa wa polisi na wa halmashauri. Ya kwanza ilizimwa kwa sababu wakubwa hawakutaka kuyaamini yaliyokuwamo; nyingine mbili zilipuuzwa. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu kushindwa kwa taasisi, hatuzungumzii watu waliokosa habari. Tunazungumzia watu waliokuwa na majalada mezani.

Kwa nini basi hawakuchukua hatua? Jibu la kwanza limo katika maneno yaliyotumika ndani ya majalada hayo. Mtoto wa miaka 14 aliandikwa kana kwamba ni mtu mzima aliyejichagulia maisha yake. Aliyetoroka katika nyumba ya kulelea watoto na kukutwa usiku na wanaume wanne aliitwa mtukutu, na wengine waliitwa makahaba. Hata sheria yenyewe iliendelea kutumia lugha ya ukahaba wa watoto hadi ilipobadilishwa mwaka 2015. Katika mji wa Rochdale msichana wa miaka 15 aliwaeleza polisi mwaka 2008 yaliyompata, na ushahidi wa vinasaba ulikuwapo katika nguo yake. Mwaka 2009 waendesha mashtaka waliamua kwamba mahakama haitamwona kuwa shahidi wa kuaminika, na kesi ikafungwa. Ilifufuliwa mwaka 2011 na Nazir Afzal, mwendesha mashtaka mkuu wa kanda ya kaskazini magharibi, naye ni mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistan, na Mei 2012 wanaume tisa wakatiwa hatiani. Ushahidi uliomfanya Afzal afungue kesi ulikuwa uleule uliomfanya mwenzake aifunge. Kilichobadilika ni jinsi mtoto alivyotazamwa.

Jibu la pili ni la asili ya watuhumiwa, na hapa inabidi kwenda polepole. Katika Rotherham, Rochdale, Telford na miji mingine kadhaa, wengi wa waliotiwa hatiani walikuwa wanaume wenye asili ya Pakistan. Jay aliandika kwamba baadhi ya watumishi wa halmashauri waliogopa kulitaja jambo hilo wasije wakaitwa wabaguzi wa rangi, na wengine walielewa kwamba wakubwa wao hawataki litajwe. Woga huo uliwapa wahalifu muda. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo lililoufanya mjadala wa 2025 kuwa mkali kiasi kile.

Sasa, watu wengi huuliza: baada ya Rotherham, Uingereza haikuunda tume? Iliunda, na ilikuwa kubwa. Julai 2014 Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitangaza uchunguzi wa unyanyasaji wa kingono kwa watoto katika England na Wales, uhusuo taasisi za kila aina: makanisa, shule, halmashauri, nyumba za watoto, siasa. Mwanzo wake ulikuwa wa mashaka. Mwenyekiti wa kwanza, Elizabeth Butler-Sloss, aliondoka ndani ya siku chache kwa sababu marehemu kaka yake alikuwa mwanasheria mkuu katika kipindi kilichotakiwa kuchunguzwa. Wa pili, Fiona Woolf, aliondoka kwa sababu ya ukaribu wake na waziri wa zamani aliyehusika na kipindi hicho. Wa tatu, Jaji Lowell Goddard kutoka New Zealand, alijiuzulu Agosti 2016. Ndipo Alexis Jay akakabidhiwa kazi, akaifikisha mwisho Oktoba 2022. Ilikuwa imegharimu takriban pauni milioni 186, na zaidi ya manusura 6,000 walikuwa wamesimulia mambo yao.

Tume hiyo ilifanya chunguzi 15, na mmoja kati yake ulihusu mitandao ya watu wanaowanyonya watoto kingono kwa makundi. Uchunguzi huo ulichagua maeneo sita: Durham, Swansea, Warwickshire, St Helens, Tower Hamlets na Bristol. Rotherham haikuwamo, wala Oldham. Maeneo yaliyokwisha kuchunguzwa yaliachwa kwa makusudi, kwa nia ya kuona jinsi hali ilivyo kwingineko. Hoja hiyo ina mantiki, lakini kwa mama wa Oldham aliyesikia kwa miaka minane kwamba tume ya kitaifa inafanya kazi, kisha akagundua kwamba mji wake haukuguswa, haikuwa faraja.

Kwa hiyo mwanzoni mwa 2025 watu wawili walisema mambo yaliyoonekana kupingana, na kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Mmoja alisema: tulishafanya tume, ilichukua miaka, ilitoa mapendekezo 20, hayajatekelezwa, basi tuyatekeleze badala ya kuanza upya. Hivyo ndivyo Alexis Jay mwenyewe alivyosema Januari ile, kwa uchungu wa mtu aliyeona kazi yake ikikaa kabatini. Serikali ya Conservative iliyoipokea ripoti iliondoka madarakani Julai 2024 bila kulikamilisha hata moja ya mapendekezo makuu. Mwingine alisema: tume ile haikutazama makundi haya, katika miji hii, wala haikuwauliza kwa kiapo maofisa waliofunga majalada haya. Hilo nalo ni kweli.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana sababu ya kuguna anaposikia neno tume. Sheria za tume za uchunguzi za Kenya na Tanzania zina mizizi katika utaratibu wa Waingereza, na tumezoea kuona ripoti nzito ikikabidhiwa mbele ya kamera kisha isisikike tena. Wakenya wanaikumbuka ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013. Lakini ni vizuri kuelewa tume ina uwezo gani hasa, maana hapo ndipo palipojificha sehemu kubwa ya ugomvi.

Nchini Uingereza uchunguzi wa mambo ya umma unaweza kuwa wa aina mbili. Upo unaoundwa chini ya Sheria ya Uchunguzi ya 2005, ambao unaundwa na waziri, na mwenyekiti wake anaweza kumlazimisha mtu kufika, kutoa ushahidi kwa kiapo na kuleta nyaraka. Anayekaidi au anayeharibu nyaraka anatenda kosa la jinai. Upo pia usio wa kisheria, unaoanzishwa na halmashauri, meya au idara, ambao hutegemea hiari ya wanaoulizwa. Ule wa Telford, ulioongozwa na wakili Tom Crowther, ulikuwa wa aina hii ya pili, na bado Julai 2022 ulitoa ripoti nzito iliyoonyesha kwamba zaidi ya watoto 1,000 walinyonywa katika mji huo kwa miongo kadhaa. Ulifaulu kwa sababu waliokuwapo walikubali kushirikiana. Aina zote mbili hazina uwezo wa kumtia mtu hatiani; hiyo ni kazi ya mahakama. Wanaodai tume wakitumaini kwamba itawafunga watu watavunjika moyo, na ni wajibu wa wanasiasa kuwaambia mapema.

Kitu kingine ni hadidu za rejea, yaani mipaka ya kazi: tume itatazama nini, wapi, na miaka ipi. Mapitio ya Oldham yaliyochapishwa 2022 yaliwekewa hasa kipindi cha 2011 hadi 2014. Hayakupata ushahidi kwamba wakubwa walificha mambo kwa makusudi, lakini yalikuta watoto walioachwa bila ulinzi, na kisa cha msichana wa 2006 kiliingia ndani kama jambo lililoongezwa pembeni ya kipindi hicho. Ukisikia mwanasiasa akisema Oldham ilichunguzwa ikaonekana haina tatizo, na mwingine akisema Oldham haijachunguzwa kamwe, wote wawili wameiruka hati hiyo. Ilichunguzwa kwa kipindi kifupi, bila uwezo wa kumlazimisha mtu, na hata hivyo ilikuta makosa makubwa.

Habari ya barua ya Phillips ilipotangazwa mwanzoni mwa Januari 2025, Elon Musk aliichukua katika mtandao wake wa X na kwa siku kadhaa akawashambulia Phillips na Waziri Mkuu Keir Starmer, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka kati ya 2008 na 2013. Maneno aliyomtupia Phillips yalikuwa ya kinyama, tena dhidi ya mwanamke ambaye kabla ya kuingia bungeni alifanya kazi na wanawake waliokimbia vipigo majumbani. Starmer alijibu kwa hasira, akisema kwamba baadhi ya wanasiasa wanadandia gari la mrengo mkali wa kulia. Ninafikiri hapo alikosea, na alikosea vibaya. Musk hakuwa amewajali watoto wa Oldham siku moja kabla, lakini waliokuwa wakidai uchunguzi kwa miaka walikuwa wanawake waliobakwa wakiwa watoto, na neno lile liliwagonga wao kabla ya kumgonga yeyote mwingine.

Tarehe 8 Januari Bunge lilipiga kura ambayo hadi leo hutajwa isivyo. Serikali ilikuwa imeleta muswada wa ustawi wa watoto na shule. Chama cha Conservative kilipendekeza kwamba Bunge likatae kuusoma muswada huo mara ya pili na badala yake litake tume ya kitaifa. Pendekezo lilianguka kwa kura 364 dhidi ya 111. Tangu hapo upande mmoja husema: mlipiga kura kuzuia uchunguzi. Mwingine husema: mlitaka kuua muswada wa kuwalinda watoto. Ukweli ni kwamba hata kama lingepita, kura ile peke yake isingeunda tume yoyote, kwa sababu sheria ya 2005 humpa waziri kazi hiyo. Ingeuzuia muswada, basi. Tena kuna jambo ambalo Conservative hawakupenda litajwe: Oldham iliomba uchunguzi wa serikali hata wao walipokuwa madarakani, na mwaka 2022 jibu la waziri wao lilikuwa la aina ileile, kwamba ni kazi ya halmashauri.

Wiki moja baadaye, 16 Januari, Yvette Cooper, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitafuta njia ya katikati. Alitenga pauni milioni 5 kwa chunguzi za maeneo zisizozidi tano, na akamtaka Louise Casey afanye ukaguzi wa haraka wa takwimu na ushahidi wa nchi nzima. Casey alikuwa chaguo lenye uzito. Ni yeye aliyeikagua halmashauri ya Rotherham mwaka 2015 na kuitangaza kuwa haifai kwa kazi yake. Alianza ukaguzi akiamini kwamba tume nyingine ya kitaifa haihitajiki. Alipomaliza, Juni 2025, alikuwa amebadili mawazo, na alisema hivyo waziwazi.

Alikuta nini? Alikuta, kwanza, kwamba nchi haikujua ukubwa wa tatizo lake. Kwa mwaka 2023 polisi walikuwa wameandikisha takriban makosa 700 ya unyonyaji wa watoto kingono kwa makundi, idadi ambayo haiwezi kuwa halisi. Alikuta kwamba watoto wa miaka 13 hadi 15 walikuwa bado wanatazamwa kana kwamba walikubali au walikuwa wamependa, na kwa hiyo mashtaka ya kubaka yalishushwa kuwa makosa madogo au kufutwa. Alikuta wasichana waliokuwa na kumbukumbu za jinai kwa makosa waliyotumwa na wanaume waliowadhulumu. Alikuta dereva wa teksi akiweza kuchukua leseni katika wilaya yenye masharti mepesi na kufanya kazi katika ile iliyoyakaza.

Kisha kuna suala la asili. Theluthi mbili ya watuhumiwa hawakuwa na asili iliyoandikwa popote. Kwa takwimu za aina hiyo, Casey alisema, hakuna anayeweza kutoa hitimisho la nchi nzima. Mwaka 2020 Wizara ya Mambo ya Ndani ilichapisha karatasi iliyosema kwamba wengi wa wahalifu wa makundi ni Wazungu. Yeye alionyesha kwamba ushahidi haukutosha kubeba kauli hiyo. Lakini takwimu za polisi wa maeneo matatu, Greater Manchester, South Yorkshire na West Yorkshire, zilitosha kuonyesha kwamba wanaume wenye asili ya Asia walikuwa wengi kuliko uwiano wao katika jamii. Na alieleza jambo moja ambalo sijaweza kulisahau. Akipitia jalada la mtoto katika hifadhi ya nyaraka, alikuta neno Mpakistani limefutwa kwa wino mweupe.

Fikiria mkono uliofanya hivyo. Mtumishi wa umma, ofisini, mchana, amefungua jalada la mtoto aliyebakwa, akaona kwamba kinachohitaji kushughulikiwa haraka ni neno moja la kabila. Pengine alidhani anailinda jamii fulani isichukiwe. Hakuilinda. Neno lililofutwa halikupotea; lilihamia kwa watu wanaotaka kumchukia kila Mpakistani, wakalitumia kama uthibitisho kwamba dola inawaficha. Wanaume wa Kipakistani wasio na hatia, ambao ndio karibu wote, waliachwa wakibeba shutuma bila takwimu za kuwatetea. Na wasichana wa jamii hiyohiyo waliodhulumiwa na wanaume walewale, ambao Jay aliwataja tangu 2014 kwamba habari zao hazifiki kwa polisi, walisahaulika na pande zote. Lazima pia isemwe, maana wengine huisahau kwa makusudi: unyanyasaji mwingi wa watoto kingono nchini Uingereza, kama kwetu, hufanywa na watu wa karibu, nyumbani, na wahalifu wengi wa makosa hayo kwa jumla ni Wazungu. Makundi ya Rotherham na Rochdale ni sehemu moja ya dhuluma kubwa zaidi. Kulisema hilo hakupunguzi uzito wa Rotherham, na kuisema Rotherham hakuwatii hatiani Waislamu wa Bradford.

Juni 14 Starmer alitangaza kwamba atakubali mapendekezo yote 12 ya Casey, pamoja na tume ya kitaifa yenye nguvu za kisheria. Kiongozi wa upinzani Kemi Badenoch alidai aombe radhi kwa maneno ya Januari. Casey, ambaye alitumaini kwamba kwa siku moja tu vyama vingesimama pamoja, alisema wazi kwamba amesikitishwa na namna jambo lilivyopokewa kisiasa. Polisi nao walianza kuyafungua majalada ya zamani chini ya uongozi wa Wakala wa Taifa wa Kupambana na Uhalifu, na kesi zaidi ya 1,200 zilizokuwa zimefungwa bila hatua zikaorodheshwa kwa kupitiwa upya. Kwa maoni yangu kazi hii ya polisi inastahili macho mengi kuliko inayoyapata, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumfikisha mtu kizimbani.

Kukubali tume, hata hivyo, hakukumaliza ugomvi. Kulileta swali la nani ataiongoza. Serikali iliunda kamati ya manusura washauriane nayo, na Oktoba 2025 wanne kati yao wakajitoa ndani ya siku chache. Walilalamika kwamba maswali waliyokuwa wakiulizwa yanaelekeza tume ipanuliwe ihusu unyanyasaji wa kila aina, jambo ambalo lingezamisha habari ya makundi. Na kwamba waliokuwa wakifikiriwa kwa uenyekiti walitoka polisi na ustawi wa jamii, taasisi zilezile zilizowaangusha. Phillips alikanusha kwamba mipaka inapanuliwa. Mmoja wa wanawake hao alionyesha ujumbe uliothibitisha kwamba suala la upana lilikuwa limeulizwa kweli. Wanne hao wakasema watarudi iwapo waziri huyo ataondoka. Manusura wengine watano wakaandika kwamba wao watabaki iwapo atabaki. Wagombea wawili waliojulikana, Annie Hudson wa ustawi wa jamii na Jim Gamble aliyekuwa polisi, wakajiondoa.

Wapo walioliona tukio hilo kama vurugu za watu wenye hasira. Mimi naliona tofauti. Mtu aliyeambiwa akiwa mtoto kwamba haaminiki, akafungiwa jalada, akasikia mawaziri wa vyama viwili wakitupiana jina lake, hawezi kuombwa aiamini ofisi kwa sababu tu ofisi imebadilisha anwani. Na ugumu ni wa kweli kwa upande wa pili pia: yeyote anayezijua taasisi hizi vya kutosha kuzichunguza, karibu kila mara alishawahi kufanya kazi ndani yake. Baadhi ya manusura walitaka jaji. Lakini tume ile ya 2014 ilionyesha kwamba jaji naye anaweza kuondoka njiani, na waendesha mashtaka na mahakama nao wamo katika orodha ya walioshindwa.

Desemba 9, 2025, Shabana Mahmood, aliyechukua Wizara ya Mambo ya Ndani Septemba mwaka huo, alimtangaza Anne Longfield kuwa mwenyekiti. Longfield alikuwa Kamishna wa Watoto wa England kuanzia 2015 hadi 2021. Alikuwa pia mjumbe wa bunge la juu upande wa Labour, na ingawa alikubali kuacha kukaa upande wa chama hicho bungeni, upinzani ulisema hilo halitoshi. Pamoja naye waliteuliwa Zoë Billingham, aliyewahi kuwa mkaguzi wa polisi, na Eleanor Kelly, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa halmashauri ya Southwark mjini London. Tume imepewa miaka mitatu na pauni milioni 65, chini ya nusu ya muda na fedha zilizotumiwa na ile ya Jay, na imetakiwa kutazama waziwazi mchango wa asili, dini na utamaduni, pamoja na kufanya chunguzi za maeneo zenye nguvu za kisheria.

Maeneo hayo mengine yaliachwa yachaguliwe na tume yenyewe. Moja tu lilitajwa kwa jina siku ile bungeni, nalo ni Oldham. Msichana wa kaunta ya 2006 sasa ni mwanamke aliyevuka miaka 30. Mapitio ya 2022 yaliandika kisa chake, lakini hayakuwa na uwezo wa kumwita yeyote aliyekuwa zamu jioni ile na kumtaka aeleze kwa kiapo kwa nini mtoto wa miaka 12 aliruhusiwa kutoka mlangoni. Tume hii inao.